Dizeli inatetemeka kwenye sailensi na mlimani haivuti, tuanzie wapi

Huku kwetu gari ya dizeli ikianza kutetemeka ikiwa imesimama inaunguruma bila kukanyagwa, yaani kwenye sailensi, afu ikifika mlimani haivuti, jibu la kwanza utakalopewa chini ya mwembe wowote ni nozo, vile vipulizio vya mafuta. Nozo zimekufa, peleka nozo zikapimwe, na fundi mwenye roho ngumu zaidi anaongezea na pampu hapohapo. Mi mwenyewe nimeliwa hapo. Mwaka juzi dabo kebini yangu ilinigomea ule mlima wa kupanda Newala ukitokea Masasi, gia ya pili, mguu umegusa chini kabisa, gari inapanda kama imefungiwa tela la magunia ya korosho, na nilipofika juu nikasimama kununua ming'oko nikasikia injini inarukaruka palepale ilipo, kioo cha pembeni kinatikisika mpaka nyuma sioni kitu. Kurudi Mtwara nozo zote nne zikafunguliwa zikasafishwa, laki nne ikaondoka, gari ikatembea vizuri siku mbili, ya tatu ikarudi vilevile. Tatizo lenyewe nitalisema huko mbele, ila bei yake ilikuwa sawa na sahani mbili za wali pweza.

Sa ili tusitafute kwa kupapasa inabidi kujua injini yenyewe inataka nini. Dizeli haina plagi ya kupiga cheche kama petroli. Inavuta hewa, inaibana mara 14 hadi 22 kutegemea na injini, na hewa ikibanwa hivyo kwa ghafla inapata moto wa zaidi ya digrii 500, ndo nozo inapuliza dizeli humo ndani na inawaka yenyewe bila kuwashwa. Basi. Kwa hiyo vitu ni vitatu tu, hewa ya kutosha, mafuta ya kutosha yaliyopulizwa vizuri na kwa wakati wake, na kubana, yaani kompresheni. Nozo ni kipande kimoja cha kitu kimoja kati ya hivyo vitatu, na ndo maana inaniuma mtu anapoanza nayo.

Kitu ambacho wengi tunakiruka ni kwamba sailensi na mlima vinauliza maswali tofauti. Gari ikiwa kwenye sailensi kila nozo inatoa tone dogo mno la dizeli, kwa hiyo tofauti ndogo kati ya silinda na silinda inaonekana wazi. Chukulia unawagawia watoto wanne sukari kijiko kimoja kimoja, ukimpunja mmoja nusu kijiko kelele zitafika mpaka barabarani, lakini ukiwagawia kilo moja moja hiyo nusu kijiko hakuna atakayejua. Mlimani ndo kwenye kilo kilo. Pale injini haiulizi kama mgawo uko sawa, inauliza kama mzigo umefika, hewa nyingi na mafuta mengi kwa pamoja, na bomba lolote lililobanwa njiani linajulikana hapo.

Kwa hiyo kabla hujamwita fundi jibu hili kwanza, shida iko wapi? Ikiwa sailensi imetulia safi ila mlimani gari haina kitu, usiangalie nozo, angalia vinavyobana njia, yaani filta ya dizeli, chujio la ndani ya tangi, ea klina (chujio la hewa), mpira wa tabo (ile feni inayosukuma hewa kwenye injini), ekzosi. Ikiwa sailensi inatetemeka ila ukikanyaga inakuwa laini na inavuta kiasi chake, hapo kuna silinda moja inayopunjwa, na hapo ndo nozo inaingia kwenye orodha pamoja na hita plagi na valvu. Zikija zote mbili, kama ilivyonikuta mimi, unatafuta kitu kinachoigusa injini nzima, mfano upepo kuingia kwenye mafuta, valvu ya EGR (ile ya kurudisha moshi kwenye injini) iliyoganda wazi, vali ndogo ya kwenye pampu, au kompresheni imeshuka. Sio sheria ya msahafu, gari inaweza kuwa na magonjwa mawili kwa wakati mmoja, ila itakuokolea hela nyingi.

Na hakikisha kwanza kama ni injini kweli. Injini ikipanda mzunguko, unasikia inalia, ila gari haiongezi mwendo, hiyo klachi inateleza. Breki zinazobana nazo zinaua nguvu, endesha kilomita kadhaa bila kukanyaga breki sana afu sogeza mkono karibu na rimu bila kushika, tairi moja likiwa na joto kuliko mengine umeshapata jibu. Na mtetemo unaousikia kwenye usukani na kiti wakati mlio wa injini wenyewe uko sawa kama cherehani, hizo ni mauntini za injini, zile raba zinazoishikilia, zimechoka.

Baada ya hapo muombe mtu akae kwenye usukani we ukae nyuma uangalie ekzosi. Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa iliyopo, na mara nyingi sana sio kwamba mafuta yamezidi, ni hewa ndo imepungua. Moshi mweupe unaowasha macho na kunuka dizeli mbichi ni mafuta yaliyopita bila kuungua, aidha silinda haijapata moto wa kutosha au nozo inadondosha badala ya kupuliza. Mweupe wa mvuke usiokata hata injini ikishachemka huku maji ya rejeta yanapungua, hiyo habari ya gasketi ya silinda hedi. Wa bluu ni oili. Na gari isiyo na nguvu kabisa lakini haitoi moshi wowote, hiyo inakosa mafuta, sikia hili vizuri maana linapotosha watu, njaa ya mafuta haina moshi.

Hapa Mtwara kuna jambo la joto linalotudanganya. Hita plagi kazi yake ni kupasha silinda asubuhi injini ikiwa baridi, na sisi asubuhi yetu huwa ina joto tayari, kwa hiyo unaweza kuishi na hita plagi mbili zilizokufa miaka na usijue, zaidi ya kutetemeka dakika moja na kimoshi cheupe ukiwasha. Siku ukialikwa harusi Njombe ndo utalijua, alfajiri utakuwa unasukumwa na wapwa wa bwana harusi.

Tuje kwenye hewa. Ea klina kila mtu anaijua na kila mtu anaisahau, hasa wenye magari yanayoingia mashambani. Kipindi cha kupuliza salfa kwenye mikorosho, ukipita njia za ndani kule Tandahimba au Nanyamba mashine za kupulizia zikiwa zinafanya kazi, lile vumbi la njano linaingia kila mahali, juzi nimefungua ea klina ya jirani yangu ikawa kama imekaangwa kwa binzari, ukiigonga linatoka wingu. Gari ilikuwa inatoa moshi mweusi na haivuti, na yeye alikuwa ameshaanza kuchanga hela ya tabo. Usiipulize kwa kompresa ya presha kubwa kwa karibu, karatasi inatoboka matundu usiyoyaona na vumbi linaenda kula silinda moja kwa moja. Badilisha tu.

Tabo yenyewe haifi kirahisi kama inavyosemwa. Kinachokufa ni mipira inayotoka kwenye tabo kwenda intakula, ile rejeta ya kupoza hewa, na kutoka intakula kwenda injini. Inapasuka upande wa chini ambao huoni, au klipu inalegea, na hewa iliyobanwa inatoka nje badala ya kuingia kwenye injini. Dalili zake ni sailensi nzuri, ukikanyaga unasikia kama mtu anasema shiii, moshi mweusi, nguvu hamna. Zima gari, pitisha kidole chini ya mpira wote, ukikuta sehemu imelowa oili na vumbi limegandana hapo kwa wingi kuliko kwingine ndo penye mwanya. Magari mengi ya karibuni yakiona presha ya tabo haieleweki yanajiwekea kizuizi, yanagoma kupita mzunguko wa kama 2,500 au 3,000 kwa dakika, ukizima na kuwasha nguvu zinarudi kwa muda. Kama yako inafanya hivyo basi kompyuta imeona kitu, usiizoee.

EGR ni valvu inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini ili kupunguza hewa chafu. Wazo zuri, ila masizi yakikutana na mvuke wa oili yanakuwa kama lami, valvu inaganda ikiwa wazi nusu, injini inavuta moshi wake yenyewe mahali pa hewa safi. Hii inakupa vyote viwili, sailensi ya hovyo na mlimani hamna kitu, na moshi mweusi juu yake. Inawapata zaidi wanaozunguka mjini tu, Shangani sokoni, sokoni Ligula, injini haijapata moto imeshazimwa. Ifungue isafishwe, na lile koo la kuingizia hewa nalo, nimeona moja limebaki tundu la kupitisha kidole gumba. Haohao wazungukaji wa mjini, wenye dizeli ndogo mpya kutoka Japani, wana shida nyingine kwenye ekzosi, lile chujio la masizi ambalo linahitaji safari ndefu ya mwendo wa maana ili lijichome lenyewe. Kwa gari hiyo kwenda Lindi na kurudi, kilomita 100 na ushee kila upande, ni matibabu, mradi taa ya onyo haijakaa sana.

Sasa mafuta, ambako ndo kwenye kesi nyingi. Kuna dizeli ya madumu kule vijijini ambayo sote tumeshainunua taa ikiwa imewaka na kituo kiko mbali, na kuna unyevu wetu wa pwani, tangi likilala nusu kila siku hewa ya ndani inatoa jasho usiku. Maji ni mazito kuliko dizeli kwa hiyo yanakaa chini ya tangi na chini ya filta. Chini ya filta nyingi kuna kikoki, kifungue kidogo ukinge kwenye chupa ya uwazi uache nusu saa, ukiona mstari, juu njano chini kitu kama maji ya kuoshea sufuria, umepata. Uchanganyaji wa mafuta ya taa nao ulikuwa tatizo la nchi nzima, ndo maana EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, wakaanza kuweka vinasaba, yaani alama ya kugundua mafuta yaliyochanganywa, mwaka 2010. Mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli, na pampu inalainishwa na dizeli hiyohiyo inayopita ndani yake, kwa hiyo inajikwaruza na vile vichembe vya chuma vinaenda kuua nozo.

Filta ikiziba sailensi inabaki nzuri, shida ni ukikanyaga. Chujio la ndani ya tangi lina tabia yake ya kuchekesha, gari inakufa nguvu barabarani, unaegesha unafungua boneti huku unalaani, dakika tano baadae inawaka na inavuta kama mpya. Ule uchafu ulikuwa umenyonywa ukaziba chujio, gari ilipozimwa ukadondoka chini. Halafu mfuniko wa tangi, ukipotea watu wanafunga nailoni na mpira wa ndani, tangi halipumui, linajinyonya. Ukifungua likavuta pumzi ndefu kama mtu aliyezama, hilo ndo tatizo lako.

Nirudi kwangu. Baada ya laki nne kupotea nikaenda kwa mzee mmoja Mikindani, fundi wa zamani wa malori. Nikamwamkia nikamweleza kuwa nimeambiwa na pampu nayo imekufa, akacheka. "Mjomba, pampu imekosa nini?" Hakufungua chochote cha maana. Akachomoa kile kibomba cha mafuta kati ya filta na pampu, akaweka mahali pake mpira wa uwazi unaofanana na wa dripu ila mnene kidogo, akafunga klipu, akaniambia washa. Dizeli ikawa inapita rangi ya chai ya rangi, na ndani yake mapovu, madogomadogo, yanakimbizana kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Nikikanyaga yanaongezeka.

Jambo lenyewe ni hili. Kwenye gari nyingi za dizeli, kutoka tangini mpaka pampu mafuta hayasukumwi, yananyonywa. Kwa hiyo mahali penye ufa hapavuji dizeli nje, panavuta upepo ndani, na we unatafuta tone chini ya gari asubuhi hulioni, unasema bomba zote nzima. Upepo unabonyea, dizeli haibonyei, kwa hiyo pampu ikipata povu badala ya mafuta presha inayumba, sailensi inapanda inashuka, mlimani haitoshi, na asubuhi unapiga stata ndefu kwa sababu usiku mafuta yamerudi tangini. Kwangu ilikuwa ni ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta, ile ya kubonyeza, raba ya ndani imekauka ikapasuka. Kwa nini ilipona siku mbili baada ya nozo kusafishwa? Maana waliibonyeza kutoa upepo, na ilishika kidogo kabla haijafunguka tena. Ikabadilishwa, mapovu yakaisha tukiwa tunaangalia. Huu mpira wa uwazi ni wa kupimia tu lakini, usiuache humo, joto litaulainisha.

Mapovu yakiwa hamna ndo unaweza kuendelea juu. Gari za komon reli, yaani zenye bomba moja la presha kubwa linalogawia nozo zote mafuta, zina vali ndogo mgongoni mwa pampu, mafundi wanaiita SCV, inapima mafuta yanayoingia kwenye pampu ya presha kubwa. Ikichoka inakwamakwama na sailensi inakuwa inawinda, inapanda yenyewe inashuka, saa nyingine inazima ukisimama kwenye kipilefti. Hii bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na pampu, na imeuza pampu nyingi ambazo hazikuwa na kosa.

Halafu ndo nozo, na hata hapo zinapimwa, hazikisiwi. Nozo ya komon reli ina mrija mwembamba wa kurudishia mafuta yaliyozidi. Unachomoa mirija yote minne, kila nozo unaipa kampira kake kwenda kwenye chupa yake ndogo ya maji, injini inaunguruma dakika chache, unazima unapanga chupa. Zikiwa na vimo vinavyokaribiana nozo zako hazina shida upande huo. Moja ikiwa imejaa mara mbili au tatu ya wenzake hiyo inarudisha mafuta badala ya kuyapuliza, na umeokoa kubadilisha tatu nzima. Chungulia pia shingoni kwa nozo, masizi meusi kama lami na mlio wa chufu chufu chufu ni wosha ya shaba ya chini ya nozo imeachia, hiyo usiicheleweshe kwa sababu yale masizi yanaweza kuingia kwenye oili na kuziba chujio la pampu ya oili.

Kwa injini za zamani zenye pampu ya kawaida, kama 1HZ ya Land Cruiser, fundi analegeza nati ya bomba la nozo moja moja injini ikiwa inanguruma, akilegeza sailensi isibadilike basi silinda hiyo ndo ilikuwa imelala. Njia nzuri ya wazee. Ila USIFANYE HIVYO kwenye komon reli. Tairi lako lina presha kama baa 2.4, hilo bomba kwenye sailensi tu lina kama 300, na ukikanyaga linapita 1,000, dizeli ya presha hiyo inatoboa ngozi na kuingia ndani ya mkono, na kidonda kinaonekana kidogo kama cha sindano huku ndani nyama inakufa, mtu huyo ni wa hospitali saa hiyohiyo hata kama haumwi. Nyaya za nozo nazo usichomoe kwa mkono injini ikiwaka, nyingine zina umeme mkali. Mashine ya kupimia inaweza kuzima silinda moja moja yenyewe.

Kuhusu hiyo mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Watu wanaiamini kama mganga. Kodi, yaani namba ya kosa, P0087 inasema presha ya reli iko chini, haisemi pampu imekufa. Filta iliyoziba itatoa kodi hiyohiyo, upepo utaitoa, nozo inayorudisha sana itaitoa, hata nailoni kwenye mfuniko wa tangi itaitoa. Fundi akikuonyesha kodi afu akataja bei ya pampu bila kugusa kingine, funga boneti yako uondoke kwa adabu.

Kompresheni ninaiweka mwisho kwa sababu ikiwa ndo hiyo basi ni kazi ya kufungua injini na hamna njia ya mkato. Inapimwa na geji ya dizeli, sio ya petroli, maana injini isiyo na ugonjwa inafika kama psi 400, inatofautiana injini na injini, na cha kuangalia zaidi ni silinda moja kuachana mbali na wenzake. Kabla ya kukubali, muulize fundi kama valvu zimepimwa nafasi yake, valvu iliyobana kidogo haifungi vizuri injini ikipata moto na inajifanya kama ringi za pistoni zimeisha.

Yangu sasa hivi inapanda Newala gia ya tatu na mzigo juu. Kwenye sailensi bado kioo kinatikisika kidogo, ila nimesikiliza mlio uko sawa, ni mauntini ya upande wa dereva, nasubiri malipo ya korosho.